Video yangu ya sekunde 28 imemuuzisha mama korosho kwa kangomba, wanunuzi haramu wa nje ya mnada. Habari fupi nifanyeje isigeuzwe uongo?

Sauti_ya_Kusini ameandika:

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mwandishi na mtangazaji wa redio ya jamii huku Mtwara, upande wa bara, kwenye mikorosho. Nina miaka sita kazini. Miaka miwili ya mwisho nimekabidhiwa pia akaunti za redio za TikTok na Instagram, kwa hiyo mchana nasoma taarifa ya habari, jioni nakaa nakata video. Naomba mawazo yenu kwa jambo ambalo limeninyima usingizi tangu msimu uliopita, na msimu mpya unafunguliwa mwezi ujao.

Ilikuwa mnada wa tatu. Kwa wasioujua mnada wa korosho wa siku hizi: tangu msimu wa 2024/25 unapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wanunuzi wanaingiza bei zao mtandaoni, zinaonyeshwa kwenye skrini mbele ya wakulima waliokusanyika, halafu wakulima wenyewe ndio wanasema tunauza au hatuuzi. Siku hiyo bei ilishuka sana ukilinganisha na mnada uliotangulia. Watu wakasimama. "Hatuuzi! Hatuuzi!" Mzee mmoja akavua kofia akaipiga chini. Nilikuwa mbele kabisa na simu mkononi, nikapata kila kitu: skrini yenye bei, nyuso, kelele, vumbi.

Nikakata video ya sekunde 84. Sekunde 28 za kwanza ni kelele na skrini. Baada ya hapo mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anaeleza kwamba kukataa bei ni haki ya mkulima, na mzigo unabaki ghalani kusubiri mnada unaofuata. Namalizia mimi, nasema mnada mwingine ni wiki ijayo. Tarehe na jina la kijiji nikaviandika kwenye maelezo chini ya video, kama tunavyofanya wote.

Video ikaruka. Kulipokucha ilikuwa imepita watazamaji laki mbili, na mkuu wangu wa vipindi akanipigia saa kumi na mbili asubuhi kunipongeza. Sijawahi kupongezwa hivyo kwa habari yoyote ya redio.

Mnada uliofuata bei ikapanda, wakulima wakauza. Nikatengeneza video ya pili: bei mpya, watu wametulia, wananyoosha mikono kukubali. Ikatazamwa na watu elfu moja na mia tatu hivi.

Wiki tatu baadaye nikaenda kijiji cha jirani kwa habari ya kisima kilichokauka. Mama mmoja akanitazama sana, akasema, "Wewe si yule binti wa redio? Video yako niliiona. Ndiyo iliyofanya niuze."

Nikamuuliza auze nini. Akanisimulia. Vijana wa kangomba walikuja na pikipiki jioni, na kipimo chao na pesa mkononi, wakamwonyesha simu. Ni sekunde 28 zangu tu, zimekatwa pale. Mwenyekiti hayumo, mimi simo, tarehe haimo. "Mama, jionee mwenyewe, mnadani bei imeanguka, watu wanalia. Ukipeleka ghalani mzigo utakaa mpaka mwakani." Yule mama alikuwa na mtoto anayetakiwa kuripoti bweni, godoro halijanunuliwa, viatu havijanunuliwa. Akawapa magunia mawili. Siku ile anauza, zilikuwa zimepita siku tisa tangu bei mpya itangazwe. Mtu wa kumwambia hakuwepo, na video yangu ya pili haikumfikia.

Kinachoniuma zaidi ni nembo. Nembo ya redio yetu ilikuwa kwenye kona ya ile video, nilikuwa nimeiweka mwenyewe. Aliwaamini wale vijana kwa sababu alituamini sisi.

Wakuu, ndani ya zile sekunde 28 hakuna uongo hata mmoja. Bei ile ilikuwepo, kelele zilikuwepo, yule mzee na kofia yake walikuwepo. Lakini kwa yule mama ilikuwa habari ya uongo, na mwandishi wake ni mimi.

Sasa mkuu wangu anataka msimu huu nitafute "hatuuzi" nyingine nyingi. Mwenzangu wa studio anasema tuachane kabisa na video fupi, tubaki redioni. Mimi sikubaliani na wote wawili. Kuna vijiji masafa yetu hayashiki vizuri, na vijana wengi hawana redio kabisa, wana simu. Kijana aliyeko Dar ndiye anayemtumia baba yake video kwa WhatsApp, na baba anaiamini kuliko anavyoniamini mimi saa saba mchana. Nikitoka huko, atakayebaki ni nani? Ni wale wa pikipiki.

Kwa hiyo sitafuti namna ya kupata watazamaji. Nataka kujua namna ya kuitengeneza video ya dakika moja na nusu ili hata ikikatwa, hata ikionyeshwa wiki tatu baadaye na mtu mwenye nia mbaya, bado iwe habari. Je, inawezekana? Kuna aliyefanya akaona matokeo? Na ile ya pili, ya bei kupanda, ningeifanyaje watu waitazame bila kupiga kelele?

Nawasilisha.

---

Kisu_Kikali ameandika:

Dada, TikTok ni ya kuchezea ngoma. Bei ya korosho ni jambo zito, lipeleke redioni na kwenye mbao za matangazo za AMCOS. Ukishaingiza habari kwenye mtandao wa kuburudisha, usishangae ikitumika vibaya. Ushauri wangu, funga hizo akaunti.

---

Mzee_wa_Mhariri ameandika:

Binti yangu, pole. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Mimi nimehariri taarifa za habari za redio kwa miaka ishirini na mitatu hapa Dar, sasa nimestaafu. TikTok siijui kama unavyoijua wewe, lakini hili tatizo lako nalijua. Naona umelaumu ufupi, na mimi sidhani ufupi ndio uliokuponza.

Habari fupi tumeziandika maisha yetu yote. Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi, JWTZ, litazisomba, nilikuwa zamu. Sentensi ya kwanza ilibeba nani, nini, bei gani, kuanzia lini. Jumla haikufika dakika moja, na mkulima aliyeisikia aliijua habari yake.

Angalia sasa ile dakika moja ilikuwa imekaa wapi. Mlio wa saa, halafu "hii ni taarifa ya habari ya saa saba mchana, leo Jumatatu". Kabla hajasikia neno la kwanza la habari, msikilizaji ameshajua ni leo na ameshajua anayesema ni nani. Saa kumi ikija habari mpya, ile ya saa saba imeshazikwa, hakuna awezaye kuifukua na kumwonyesha mtu kijijini. Taarifa yetu ilikuwa na nyumba. Video yako ni mtoto anayelala popote anapokaribishwa, na tarehe umemwandikia kwenye karatasi uliyoiacha nyumbani.

Kwa hiyo mvalishe tarehe mwilini. Iandike ndani ya picha yenyewe, kubwa, ikae mwanzo hadi mwisho, na iwekwe katikati karibu na ile bei, maana ukiiweka ukingoni mtu ataipunguza kwa kidole. Na utaje mnada wa ngapi. Wakulima wa korosho hawahesabu kwa kalenda, wanahesabu kwa mnada. "Mnada wa 3, Ijumaa, bei ya leo tu." Mkulima aliyeko kwenye mnada wa tano akiona "mnada wa 3" hahitaji mwalimu.

La pili ni sauti. Umeacha sekunde 28 za kelele tupu, kisha ndipo mwenyekiti akazungumza. Hapo umempa mkataji mahali pa kupitisha mkasi. Chukua ile sauti ya mwenyekiti, au yako, uipitishe juu ya picha ya kelele tangu sekunde ya nne au ya tano. Acha "hatuuzi" isikike kwa chini. Wakikata picha watakuwa wameondoka na maneno: "wakulima wamekataa bei hii, korosho zao ziko salama ghalani, mnada mwingine wiki ijayo." Watalazimika kufuta sauti yote, na video isiyo na sauti haitishi mtu.

Na huyo mkuu wako wa vipindi, usibishane naye kwa hoja. Mpeleke kwa yule mama.

---

Mwambao254 ameandika:

Salamu kutoka Mombasa. Dadangu, yaliyokupata wewe yalinipata mie Juni 2024, ingawa langu halikumtoa mtu magunia.

Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024 hapa kwetu Kenya, ule wa kodi mpya. Watu wengi hawakuujua kwa magazeti, waliujua kwa TikTok. Vijana waliuchukua mswada wenyewe, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ili mama wa kijijini aelewe. Mie nilifanya kwa Kiswahili. Video yangu iliyotazamwa sana ilikuwa ya mkate: nimesimama dukani, mkate mkononi, naeleza ile VAT ya asilimia 16 iliyopendekezwa. Ilikuwa kweli tupu siku niliyoirekodi.

Tarehe 18 Juni, ile siku maandamano ya kwanza ya kuupinga yalipoanza Nairobi, ikatangazwa kwamba ushuru wa mkate umeondolewa kwenye mswada, pamoja na ile kodi ya asilimia 2.5 ya magari. Video yangu haikujua. Iliendelea kwenda. Tarehe 25 bunge likavamiwa, tarehe 26 Rais akasema hatatia saini, na bado kuna watu walikuwa wananiandikia "kumbe mkate utapanda?"

Nitakueleza nilichofanya, na pia nilichokosea. Kwanza nilibandika komenti juu ya zote kusema habari imebadilika. Kazi bure. Anayetumiwa video kwa WhatsApp haoni komenti. Kisha nikatengeneza video ya kusahihisha, mie nimekaa nyumbani nazungumza. Hakuna aliyeitazama, na sasa najua sababu: haikufanana na ile ya kwanza. Mara ya tatu nilirudi duka lile lile, shati lile lile, mkate mkononi, nikasimama pale pale. Sentensi ya kwanza: "Ule ushuru wa mkate niliowaambia umeondolewa." Ikaenda. Haikufika mbali kama ya kwanza, lakini ilikwenda, kwa sababu aliyeiona ile ya mwanzo aliitambua kwa jicho kabla ya sikio. Ndipo nikaishusha ile ya zamani, nakala nikabaki nayo.

Nakwambia hivi kuhusu ile video yako ya pili. Bei kupanda si habari isiyopendeza, ila ulipoipiga watu wametulia ikawa kama imetoka mahali pengine kabisa. Mtafute yule mzee wa kofia. Mwanzo aiokote kofia.

Jambo jingine tulilojifunza mwezi ule: shika karatasi. Aliyesema tu "nasikia serikali inataka" alikuwa mmoja katika maelfu. Aliyeshika mswada, akaonyesha ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari, alisikizwa, na mtu akitaka kumpinga ilibidi naye aende akausome. Mchezaji ngoma hawezi kukuiga hapo, na wewe huna haja ya kumuiga yeye. Kisu_Kikali hapo juu namheshimu, lakini mwezi ule "mtandao wa kuburudisha" ndio uliofanya watu wasome sheria.

---

Mkanju_Mmoja ameandika:

Mimi ni mkulima, Nanyumbu. Nina mikorosho ya marehemu baba na michache niliyopanda mwenyewe. Nimejiunga hapa kwa ajili ya uzi huu tu, shemeji yangu ndiye amenitumia.

Dada wa redio, hao vijana wa kangomba kwangu pia walifika, na simu, na video, sijui kama ni yako. Mimi sikuuza kwa sababu mwaka ule sikuwa na shida ya haraka. Mwenye shida ya haraka hata umwonyeshe tarehe atauza tu, hilo nalo ulijue usijitese peke yako. Kangomba inaishi kwa sababu pesa ya ghalani inachelewa na shida haichelewi.

Kwa hiyo ukiniuliza mkulima anataka video ya nini, sitakwambia bei. Bei tunaipata, inatangazwa, tunapigiana simu. Tunachokosa ni pesa inaingia lini. Mnada umefanyika Ijumaa, tumekubali, halafu? Unakwenda benki Jumatano hakuna, nauli imekwenda, unarudi Jumatatu hakuna. Na ikiingia, imeingia pungufu ya ulivyopiga hesabu, kwa sababu ulihesabu bei ya mnadani na wao wamekulipa baada ya makato. Wanasema mjengeko wa bei. Ubao wa pale AMCOS umeandikwa kwa herufi ndogo, na wazee wetu wengi macho hayaoni.

Nisomee ule mjengeko. Mstari mmoja video moja. Huu ni ushuru wa halmashauri, unakwenda huku. Hii ni ya chama, hii ni ya ghala, hii ni ya usafiri. Usifoke, usimtukane katibu, maana baadhi yao ni watu wema na nao wanasubiri hiyo hiyo pesa. Nisomee tu polepole. Na maandishi yawe makubwa.

---

Wakili_Msomaji ameandika:

Nyongeza fupi. Sauti_ya_Kusini, ukishika karatasi ya malipo ya mkulima kama Mwambao254 anavyoshauri, ziba jina, namba ya akaunti na namba ya simu kabla ya kurekodi, siyo wakati wa kuhariri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, kuna watu wanaotapeli wakulima kwa simu siku za malipo. Zibia kwa kipande cha karatasi juu ya karatasi.

Pia kama utafungua akaunti yako binafsi nje ya redio na kuiendesha kama chombo cha habari, pitia kwanza Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake ya 2022, uone kama unahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Usidhani leseni ya redio inakufunika.

---

Sauti_ya_Kusini ameandika (wiki tano baadaye):

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya, msimu umeanza na nimekuwa barabarani.

Mzee_wa_Mhariri, nilimpeleka mkuu wangu kwa yule mama. Nilimwambia tunakwenda kuangalia kisima. Tulikaa ukumbini kwake, akatukaangia mihogo, akamsimulia yote kwa utulivu bila kunilaumu, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulisikiliza. Njiani kurudi mkuu wangu hakuzungumza mpaka tulipofika lami. Kisha akaniuliza, "Tarehe inaweza kukaa katikati ya picha?" Nikasema inaweza. Tangu siku hiyo hajanitajia idadi ya watazamaji.

Mnada wa kwanza tumefanya hivi. Sekunde ya kwanza ni skrini ya bei, na juu yake maandishi meupe kwenye utepe mweusi, yamekatiza katikati: MNADA WA 1, siku na tarehe, BEI YA LEO TU. Utepe hauondoki mpaka mwisho. Sauti yangu inaanza pale pale: "Leo ni mnada wa kwanza. Bei hii ni ya korosho zilizo ghalani leo, mnada ujao inaweza kupanda au kushuka." Watazamaji elfu kumi na moja. Nilijaribu mwenyewe kuikata kama wale vijana wangekata, nikakaa nayo usiku kucha kwenye simu. Kila kipande nilichokata kilibaki na mnada wake na tarehe yake. Niliweza kuiharibu kwa njia moja tu, kuweka kibandiko kikubwa juu ya utepe, na hapo ilikuwa inajionyesha kabisa kwamba kuna kitu kimefichwa.

Nembo nimeihamisha. Haikai tena peke yake kwenye kona, imeshikana na tarehe kwenye utepe. Anayetaka kuaminiwa kwa jina letu aichukue na tarehe yetu.

Mwambao254, mzee wa kofia nilimtafuta. Alikataa kuokota kofia, alisema yeye si mwigizaji, na nikaona ana haki. Lakini alikubali kukaa kwenye kigoda nje ya ghala na kuniambia kwa nini alikataa bei msimu uliopita na aliuza mnada gani. Kofia ilikuwa kichwani, ile ile. Watu waliitambua kwenye komenti ndani ya saa moja. "Huyu si yule wa hatuuzi?" Kumbe alitosha kukaa tu.

Na Mkanju_Mmoja, kaka yangu, kazi kubwa ilikuwa yako. Nilikwenda kwenye AMCOS moja kuomba mjengeko wa bei. Siku ya kwanza katibu hakuwepo, siku ya pili alisema nilete barua, siku ya nne nikaleta barua. Alipoisoma na kuona nataka mstari mmoja video moja, akakaa mwenyewe mbele ya simu. Alikuwa amechoka kulaumiwa kwa makato asiyoyapanga yeye. Tumetoa video sita, kila moja chini ya dakika moja. Mkulima mwenyewe ndiye anayeshika karatasi (Wakili, majina tumeyaziba kwa kipande cha boksi), kidole chake kiko kwenye mstari, anausoma kwa sauti, halafu anauliza: hii inakwenda wapi? Katibu anajibu. Basi. Hakuna muziki.

Ya usafiri ndiyo iliyowasha moto. Kwenye komenti wakulima wa vijiji viwili waliandika kiasi tofauti wanachokatwa, na maghala yao hayapishani sana kwa umbali. Mimi nisingelijua hilo kwa kukaa studio. Nilichukua zile komenti, nikawapigia wenyewe, nikaomba karatasi zao, nikazilinganisha, kweli zinatofautiana. Sasa nina barua kwa chama kikuu cha ushirika, kilicho juu ya AMCOS, kuuliza sababu. Huenda ipo sababu nzuri, barabara ya kijiji kimoja ni mbaya kweli, nimepita. Sitaitoa mpaka wajibu au mpaka muda niliowapa upite.

Kisu_Kikali, sikukudharau. Ulichosema kuhusu mbao za matangazo nimekichukua: zile video sita tumeziandika pia kwenye karatasi za manila kwa kalamu nene, tumebandika kwenye ghala tatu, na saa moja jioni tunacheza sauti yake redioni. Mzee asiye na simu anasikia kidole kile kile kikisoma mstari ule ule.

Swali la pesa inaingia lini bado limenishinda. Benki wanasema wanasubiri orodha kutoka AMCOS, AMCOS wanasema wanasubiri chama kikuu, chama kikuu wanasema mnunuzi hajakamilisha. Nimepata wazo la kufuata gunia moja, la mkulima mmoja, tangu linapopimwa mpaka pesa inapoingia, video fupi kila siku ambayo kitu kimetokea, na siku isiyo na kitu niseme "siku ya sita, bado". Mkulima ninaye, amekubali, ila ameomba sura yake isionekane mpaka alipwe.

Kama kuna aliyewahi kufuatilia habari namna hii, mwenye uzoefu wa kulinda mtu wake asisumbuliwe katikati ya safari, naomba aniandikie kabla ya Alhamisi. Ijumaa gunia linapimwa.